Siku Mbili za Kusaga Chuma Bure

Siku mliyoniaga pale karakanani, baada ya soda na keki, Sanyu wa ofisini aliniomba niwaandikie ninyi mnaobaki yale niliyojifunza. Nikamwambia nitaandika ukurasa mmoja. Mtanisamehe, kwa sababu huo ukurasa mmoja nimeshindwa kuulinda. Sitaandika juu ya vyeo, maana kwetu cheo kikubwa kilikuwa kupewa ufunguo wa stoo. Mishahara nayo mnaijua. Nitaandika juu ya jambo moja ambalo lilinichukua muda mrefu kulijua kuliko kuchomelea, nalo ni kumwambia mkubwa wako kwamba kazi uliyo nayo inakaribia kuisha.

Najua mtacheka. Ninyi siku hizi mnatuma ujumbe kwa simu: "Bosi, nimemaliza, nini kinafuata?" halafu mnaendelea kunywa chai. Sisi tungeona ni kujitia kitanzi.

Mimi ni mtoto wa askari magereza. Baba alitoka kaskazini akaletwa gereza la Luzira, na katika nyumba za askari tuliongea Kiswahili kwa sababu jirani wa kulia alikuwa Mlugbara, wa kushoto Mteso, na mbele yetu alikaa Mganda aliyeoa Mnubi. Mama alitangulia, baba akafuata mwaka uliofuata. Nyumba ilikuwa ya kazi, na mwenye kazi hayupo tena, kwa hiyo tulipewa muda wa kutoka, tukatoka. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Nyuma yangu walikuwapo Aber, Akena, na Lanyero, ambaye alikuwa bado anaamini kwamba baba yuko zamu. Mama mmoja wa kanisani alitupa chumba nyuma ya nyumba yake huko Kisugu. Nikarudisha vitabu vya shule, nikaenda kutafuta kazi mahali pekee nilipopajua, yaani kule kule Luzira tulikotolewa.

Kila asubuhi nilitembea kutoka Kisugu, nikapita Namuwongo na Bugolobi, nikashuka hadi karibu na bandari ya Port Bell. Karakana wakati ule ilikuwa mapaa mawili ya mabati na uzio wa vipande vya mabamba yaliyokataliwa. Ukifika mapema unasikia mabehewa yakiingizwa kwenye feri, chuma kikigonga chuma, halafu kimya, halafu tena. Upepo wa ziwani ulikuja na harufu ya majani yaliyooza na ya rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Hiyo rangi mpaka leo nikiinusa mahali popote, hata kwenye geti la jirani, miguu inataka kwenda kazini.

Aliyenipokea ni Mzee Otieno, msimamizi, Mjaluo wa Kisumu aliyekuja na feri kwa wiki moja na hakurudi. Aliniangalia mikono kabla ya uso.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha pili, mzee."

"Hiyo ni nyingi sana kwa kutu," akasema, akanipa nyundo yenye ncha, brashi ya waya, na miwani yenye kioo kimoja. Nilipomwonyesha kwamba upande mmoja hauna kitu, akasema kutu haina haraka, nifumbe jicho lile.

Nilikwangua kutu miezi mitano. Nawaambia vijana wanaodharau kazi hiyo kwamba ndiyo iliyonifundisha chuma. Bamba zima likigongwa linaitika kwa sauti nene, kama mtu aliyeshiba. Lililoliwa na kutu linatoa sauti nyembamba, yenye mtetemo mwishoni. Mzee Otieno alikuwa anapita nyuma yetu na nyundo ndogo ya mpini wa mkwaju, anagonga mara tatu, anaendelea na safari. Hakuhitaji kuinama.

Sasa niwaeleze benchi, maana hamkuliona. Kando ya lango kulikuwa na benchi refu la mbao. Vibarua wote tulikuwa wa siku: asubuhi unaandikwa, jioni unalipwa. Ukimaliza kazi uliyopewa na hakuna nyingine, unaweka vifaa kwenye sanduku, unakaa kwenye benchi. Mzee Otieno akikukuta hapo anakuambia uende nyumbani, na siku yako inahesabiwa nusu. Ukikaa benchi mara tatu kwa wiki, Jumatatu unaweza usiandikwe kabisa. Hakuna aliyelichukia zaidi ya mimi, kwa kuwa mimi sikuwa natembea kurudi Kisugu peke yangu. Nilikuwa narudi na chakula cha watu wanne.

Kwa hiyo katika karakana ile hakuna mtu aliyemaliza kazi kabla ya saa kumi jioni. Ilikuwa kama muujiza. Geti dogo lilichukua siku nzima, na geti kubwa nalo siku nzima. Kulikuwa na mafundi wa kunoa patasi iliyokwisha kunolewa, na mmoja tuliyemwita Mpelelezi kwa sababu kuanzia saa nane alikuwa anatafuta koleo ambalo alikuwa amelikalia. Tulifundishana hila hizi kwa upole kama watu wanavyofundishana dini.

Aliyenifundisha ufundi wenyewe ni Papa Bahati. Alikuja kutoka Bukavu na mke, watoto, na cheti cha ufundi ambacho hakuna aliyeweza kukisoma kwa sababu kilikuwa cha Kifaransa. Mzee Otieno alikishika kichwa chini miguu juu, akakirudisha, akampa vijiti viwili vya kuchomelea na vipande vya chuma. Papa Bahati alichora mshono ulionyooka kama mstari wa daftari, na cheti hakikutajwa tena. Alikuwa mfupi, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata kama lina matundu ya cheche. Akanichagua mimi niwe msaidizi wake kwa sababu, alisema, nilikuwa sijazoea bado kufanya vibaya.

"Weye mutoto wa askari," aliniambia siku ya kwanza, "usiangalie moto. Moto haina kitu. Angalia maji ya chuma nyuma ya moto. Ile ndiyo iko inaandika."

Nimewafundisha wengi wenu kwa maneno hayo hayo, nikijifanya ni yangu.

Baadaye akanipa grinda ya kusagia chuma. Aliniambia mashine ile ni kama ulimi wa mtu mwenye hasira, inatoa kitu ambacho huwezi kukirudisha. Nilicheka. Nilikuwa na umri ambao mtu hucheka.

Nilikuwa sijamaliza mwaka pale boti moja ya chuma ilipoletwa kutengenezwa tumbo. Ilikuwa boti ya kubeba watu na magunia kwenda visiwani. Mabamba matatu ya chini yalikuwa yameliwa na kutu, na Papa Bahati akakata mapya kutoka stoo, mazuri, mazito, akayachomelea. Kazi yangu ilikuwa kuisaga mishono kwa nje iwe sawa na bamba, ili maji yapite bila kushika. Mzee Otieno alikadiria siku mbili na nusu, akaondoka na bosi kwenda Jinja kuangalia kazi nyingine. Bosi alikuwa Bwana Ssemakula, baba yake bosi wenu wa leo.

Nilikuwa na nguvu, na jiwe la grinda lilikuwa jipya. Siku ya kwanza, kabla ya chakula cha mchana, mishono yote mitatu ilikuwa laini. Nilipitisha kiganja, hakuna kilichokwama. Nikatoka chini ya boti, nikatazama ubao wa kazi pale ukutani. Haukuwa na kitu. Nikatazama lango. Benchi lilikuwepo, na karani wa lango alikuwepo na daftari lake.

Wiki ile nilikuwa nimekaa benchi mara mbili tayari.

Nikarudi chini ya boti, nikawasha grinda.

Niwaambie jinsi mtu anavyojidanganya, kwa sababu mtajikuta hapo. Kwanza nilisema naondoa kasoro. Kisha nikasema nasafisha pembeni mwa mshono. Nilisaga taratibu, jiwe likigusa tu, nikahama, nikarudi. Mchana wa kwanza ukapita hivyo, na siku nzima ya pili. Cheche zilikuwa zinatoka, kelele ilikuwepo, na karani aliniandikia siku kamili. Papa Bahati alikuwa ndani ya boti upande wa juu, ananyoosha mbavu za boti. Mpelelezi alipita, akachungulia.

"Okot, unatengeneza kioo? Unataka kujitazama?"

"Fuata koleo lako," nikamjibu.

Kwenye karakana hiyohiyo, hatua thelathini kutoka hapo, watu wawili walikuwa wanahangaika na tangi la maji la shule lililochelewa. Wangefurahi kupata mtu wa kushika. Sikuwauliza, nao hawakuuliza. Kila mtu alikuwa na sababu ya kutoonyesha alipo.

Asubuhi ya tatu Mzee Otieno akarudi. Akatambaa chini ya boti na nyundo yake, akagonga katikati ya bamba la kwanza: sauti nene. Akasogea kwenye mshono, akagonga. Akagonga tena. Mimi nilikuwa nimesimama nje naona viatu vyake tu, na viatu havikusogea.

Akaomba chokaa na mafuta ya taa. Njia hii bado mnaitumia: chokaa nje, mafuta ndani, ukiona doa kwenye chokaa maji yatapita hapo. Papa Bahati akapaka mafuta kwa ndani. Hatukungoja sana. Madoa yakatokea moja baada ya jingine, kama upele. Mshono ukisagwa kupita kiasi, vitundu vilivyojificha ndani yake hufunguka. Mzee Otieno akapiga ncha ya nyundo pembeni mwa mshono, na ncha ikaingia. Akapima ukingo wa tundu. Lilikuwa nusu ya unene uliotoka stoo, na pengine chini ya nusu.

Alitoka chini ya boti polepole, akajipangusa magoti.

"Papa Bahati. Mimi nilikutolea bamba nene. Hili ni la kutengeneza ndoo. Lile nene liko wapi?"

Karakana nzima ikazima mashine. Wakati ule chuma kilikuwa kinapotea mjini kote, na mtu wa kwanza kufikiriwa alikuwa yule asiye na ndugu wa kumtetea. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema kwa Kiganda kwamba Wakongo ndivyo walivyo. Papa Bahati alikijua Kiganda.

"Miye niliweka ile bamba lenye nilipewa," akasema.

"Basi limekondeana lenyewe?"

"Miye niliweka ile nilipewa, mzee."

Hakusema zaidi. Alikuwa fundi; alama za grinda zilikuwa pale mbele ya macho yake, na mtu aliyezifanya alikuwa hatua tatu kutoka kwake, na vumbi la chuma kwenye nyusi. Hakunitazama. Bwana Ssemakula aliitwa, akaangalia tundu, akasema Papa Bahati asishike kitu mpaka kesho asubuhi, na kama bamba halitaonekana asirudi, na kwamba atazieleza karakana nyingine za Luzira na za barabara ya viwandani zisije zikadanganyika. Kwa mgeni mwenye cheti kisichosomeka, hiyo ilikuwa ni kumfungia mji mzima.

Mimi nilinyamaza. Nililipwa siku yangu kamili, nikaenda nyumbani.

Aber alikuwa nje ya mlango anachambua maharage kwenye ungo, jua halijazama. Nilikaa kwenye jiwe nikamweleza yote, kwa sababu tangu baba afe yeye ndiye niliyekuwa namweleza mambo, ingawa alikuwa na miaka kumi na minne. Hakuacha kuchambua.

"Huyo Papa Bahati ana watoto wangapi?" akauliza.

"Watano."

"Sisi tuko wanne."

Nikangoja aseme jambo jingine. Akatikisa ungo, akapuliza maganda, akaingia ndani kuwasha mkaa. Nimesikia mahubiri mengi marefu maishani ambayo hayakufika mbali hivyo.

Asubuhi sikupita kwa karani kuandikwa. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa ofisi, nikapiga hodi. Bwana Ssemakula alikuwa anakunywa chai na Mzee Otieno.

"Bosi, ni mimi niliyesaga. Bamba ni lile lile."

"Ulisaga kwa sababu ulitumwa kusaga," akasema bila kuinua kichwa.

"Nilimaliza siku ya kwanza kabla ya mchana. Nilikuwa sina kazi. Nikaendelea kusaga mchana ule na kesho yake yote."

Hapo akainua kichwa. "Kwa nini?"

"Ili nionekane nafanya kazi."

Mzee Otieno akaweka kikombe chini. Nilisema wakate kipande kuanzia kwenye mshono kwenda katikati, watazame. Tukatoka wote. Papa Bahati alikuwa amesimama langoni na shati lake la pasi, karani amemzuia. Mzee Otieno alikata mwenyewe kipande cha upana wa mkono, akakishika ubavu kwenye mwanga. Kwenye mshono kilikuwa chembamba, na kadiri kinavyokwenda katikati kikawa kinene, kama chapati iliyosukumwa na mtu asiyejua. Kile kinene kilikuwa unene wa stoo kabisa. Akakipitisha kwa watu wote, hata kwa yule aliyeongea Kiganda. Kisha akakipeleka langoni, akampa Papa Bahati mkononi, na akamwambia, "Samahani, fundi." Sijawahi kumsikia akimwita mtu mwingine jina hilo.

Bwana Ssemakula akanigeukia. "Kijana, kwa nini hukuja kusema kazi imekwisha?"

"Ungenituma nyumbani, bosi."

Akafikiri. Alikuwa mtu mgumu lakini si mwongo. "Ndiyo," akasema. "Ningekutuma."

Akanituma sasa, wiki mbili. Nilipopita langoni Papa Bahati alikuwa bado ameshika kile kipande.

"Usiku wote bibi yangu alikuwa anafunga vyombo," akaniambia. "Usiku wote, weye unalala."

Sikuwa nimelala, lakini si jambo la kumwambia mtu wakati ule.

Wiki mbili zile nilibeba matofali Muyenga, na niliporudi benchi halikuwa langoni. Mzee Otieno alikuwa amelisogeza chini ya ubao wa kazi. Baadaye niligundua yeye na bosi walibishana siku tatu, na kwamba mzee alimwambia, "Hata mimi ningekuwa kibarua ningesaga." Kanuni mpya ilikuwa fupi: anayesema kabla ya kazi kumwishia anachagua kazi inayofuata, na kama haipo anapewa ya stoo, siku yake ni kamili. Anayekutwa anajifanya, siku yake ni nusu.

Mnadhani watu walishangilia? Wiki nzima hakuna aliyefungua mdomo. Hakuna aliyeamini. Halafu kulikuwa na jambo lingine ambalo bosi hakulifikiria: ukisema umemaliza geti saa tano, unamtangaza mwenzako anayelimaliza saa kumi. Niliamua niwe wa kwanza, maana jina langu lilikuwa limeshaharibika na halikuwa na pa kwenda.

"Mzee, hii kazi yangu itaisha kesho asubuhi," nikamwambia Mzee Otieno.

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna, mzee."

Akaandika jina langu kwenye ubao. Mpelelezi akasema kwa sauti kwamba Okot sasa ameomba apewe na kazi za wengine, na kwamba mshahara wake uongezwe jiwe la grinda. Watu wakacheka vizuri. Siku nne walikula bila kunisogezea nafasi; nilikula posho yangu ya ugali na maharage nikitazama ziwa, na ziwa lilikuwa zuri siku zile.

Papa Bahati alikuwa hajaniambia neno tangu langoni. Nilikuwa nikimshikia vyuma, ananionyesha kwa kidole. Siku ya tano, watu wote wakiwa wanakula, alisimama akajifuta mdomo, akaenda mpaka kwa Mzee Otieno.

"Mzee, miye kazi yangu inaisha leo saa nane. Nitafute ingine."

Alikuwa fundi bora kuliko wote. Aliposema yeye, Mpelelezi aliinamia sahani yake. Aliporudi kukaa, Papa Bahati akasogea kidogo, akaniambia, "Okot, lete sahani yako hapa. Kesho nitakupa rodi, uanze kuandika." Ndivyo nilivyoanza kuchomelea.

Baada ya hapo miaka ilikwenda haraka. Aber akawa mwuguzi, Akena akawa dereva, Lanyero akasoma mpaka akaanza kunisahihisha. Mzee Otieno akarudi Kisumu akiwa hasikii tena vizuri, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kukatwa mkono. Mimi nikapewa nyundo yake na ule ufunguo wa stoo.

Nilipokuwa upande wa pili ndipo nilipojua kwamba kusema ni nusu tu ya kazi. Kuna siku Nakato, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa kuchomelea mishono iliyo juu ya kichwa chake, alikuja kuniambia kazi yake itaisha mchana. Nilikuwa na simu sikioni. Nikamwambia, "Sawa, pumzika basi." Wiki iliyofuata nikamkuta anapiga brashi bomba lililokwisha kung'aa. Nikasimama pale nikijua kabisa nani aliyemfundisha. Tangu siku hiyo mtu akija na maneno hayo niliweka simu chini. Nilikuwa na kijitabu cha kazi ndogondogo zisizo na haraka, kama nyaya za kufunga upya, vipimo vya kusafisha, miguu ya vitanda vya shule. Msimamizi asiye na kijitabu hicho anawaomba watu wamdanganye.

Na ninyi mnaosema, semeni mapema. Si wakati mikono imeshuka. Sema ungali na nusu siku mbele yako, ukitaja kilichobaki na unachoweza kushika baadaye. Mwambie yeye kwanza, si wenzako. Usiseme kwa aibu kama unaungama. Na kama atakutuma nyumbani kwa kusema kweli, utakuwa umejua mapema uko kwa mtu wa namna gani.

Wiki ya pili baada ya kustaafu nilikwenda kumtembelea Papa Bahati. Siku hizi naye anakaa Kisugu, kwa mtoto wake wa tatu, chumba cha mbele chenye pazia. Macho yamechoka, kazi yetu inayala, lakini shati lilikuwa la pasi. Mkewe alituletea chai, akakaa karibu. Tukaongea habari za watu waliokufa na za wale waliotakiwa wawe wamekufa. Mwishowe nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kulisema sawasawa.

"Papa, siku ile ya boti, ulikuwa umeziona alama za grinda. Ungenitaja, ungepona pale pale. Ulinificha. Sijakushukuru."

Akageuza kikombe kwenye sahani yake.

"Okot, miye sikukuficha weye."

"Ila?"

"Ile siku mbili nilikuwa ndani ya boti. Mbavu nilizimaliza siku ya kwanza, saa ine. Nilikuwa napiga nyundo kwa ubavu mzima, tii, tii, ili karani asikie. Nilikuwa nakusikia unasaga, unasaga. Nilijua kabisa bamba inaisha. Lakini kama naja kukuambia acha, utaniuliza, na weye Papa, kazi yako iko wapi? Na kama nasema kwa mzee ni grinda, ataniuliza, ulikuwa hapo juu siku mbili, hukusikia?"

Mkewe aliangua kicheko. Inaonekana yeye alikuwa akiijua hadithi hiyo tangu zamani. Mimi nilikaa na chai yangu. Karibu maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nimembebea mtu huyu deni la wema, na nilikuwa nimelibeba kwa furaha.

"Na asubuhi ile," nikamwuliza, "kama mimi nisingeingia ofisini, ungesema?"

Alitazama pazia, upepo ukilisukuma.

"Nilikuwa nimekuja kusema," akasema. "Nilikuwa nimesimama kwa lango. Karani alinizuia tu."

Mkewe akaacha kucheka, akachukua vikombe, akaingia ndani. Sijui kama ni kweli. Mtu huyu alinifundisha kutazama nyuma ya moto, na siku ile niliamua kutotazama. Nikamwambia ndiyo, nakumbuka, nilimwona pale langoni amevaa vizuri kama mtu mwenye neno la kusema, tukaendelea kuongea mpaka mtoto wake akarudi kutoka kazini.